Ukuta wa Vijivu Viwili

Jumatatu, 4 Novemba

Sasa hivi Vigga amemchomeka askari wa plastiki kwenye ini la kupaka mkate, wima mpaka kiunoni, akaniambia, "Mama, usile hapa, huyu analinda." Nimekula upande wa pili. Ana miaka minne na tayari kuna sehemu za sahani yangu siruhusiwi kufika.

Daftari hili kaninunulia Rune, baba yake Vigga, jana kabla hajaondoka kurudi kwenye mitambo ya upepo baharini. Anasema akirudi baada ya wiki mbili nakuwa nimeshasahau nusu ya mambo ya mtoto, na nusu nyingine naisimulia vibaya. Basi naandika. Sijaandika kitu kirefu tangu nilipoacha shule, mkono unaniuma.

Tunaishi kwa Holger, baba yake Rune, tangu mama yake Rune afariki. Sisi ghorofani, yeye chini. Alikuwa dereva wa lori la maziwa maisha yake yote, na hapa kwenye rasi ya Jutland hakuna shamba ambalo mlango wake haujui. Sasa amestaafu na meza yake ya kulia chakula haina tena nafasi ya sahani, imejaa vitofali vya kuchezea. Chama chao cha wajenzi wa vitofali hivyo kitaonyesha mfano wa ngome ya zamani ya Tranborg ukumbini mwezi wa pili, wakati shule zimefungwa. Kilimani ilipokuwa ngome yenyewe yamebaki mawe matatu tu, kwa hiyo kila mtu ana hakika jinsi ngome ilivyokuwa. Holger amepewa ukuta wa mbele. Huo ndio utakaotazamana na mlango, kila anayeingia atauona kwanza.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua. Vigga kapoteza glavu moja.

Jumanne, 12 Novemba

Bekari ninakofanya kazi hufungua mapema, kwa hiyo mimi naondoka kwa baiskeli kabla hakujapambazuka na Holger ndiye anayempeleka Vigga chekechea kwa gari. Nikirudi mchana nyumba huwa kimya, Holger amelala kidogo kitini. Leo jua lilitoka, jambo la nadra mwezi huu, likapiga moja kwa moja mezani, nikauona ukuta.

Lazima nieleze hapa, maana Rune atasoma. Vitofali vya kijivu ni vya aina mbili. Kuna kijivu cha zamani, chenye joto fulani, kama maji ya shayiri. Halafu kiwanda kikabadilisha, kikaja kijivu kipya chenye ubluu ndani yake, baridi kama sahani ya bati. Wajenzi wa hapa hawavichanganyi. Kila kimoja kina boksi lake. Na aliyeweka sheria hiyo chamani ni Holger mwenyewe. Aliwahi kumfanya Tove, mwenyekiti wao, abomoe daraja zima kwa ajili ya vitofali sita. Alimwambia mbele ya watu, "Daraja lako limevaa soksi mbili tofauti."

Ukuta wa Holger una michirizi. Zamani, kipya, kipya, zamani, halafu kipande kizima cha kipya, kama ng'ombe aliyemwagikiwa maziwa.

Nilidhani ameamua kujaribu kitu. Alipoamka nikamuuliza, "Holger, safari hii umechanganya?"

"Nimechanganya nini?"

"Vijivu."

"Mimi?" Akacheka mpaka akakohoa. "Siku nikichanganya vijivu, binti, mnizike hata kama bado napumua."

Nikaenda kumenya viazi.

Jumatano, 13 Novemba

Nimeangalia maboksi. Yamechanganyika yote mawili. Maandishi ya juu ni yaleyale, kwa mkono wake mzuri.

Jumapili, 17 Novemba

Nimetembea na Vigga hadi kanisani, si kwa ibada, kuangalia ukuta tu. Nimekuwa nikipita hapo tangu nihamie kijiji hiki na sikuwahi kuutazama. Mawe yake tunayaita ya kijivu, lakini ukisogea karibu hakuna jiwe la kijivu hata moja. Kuna la waridi kama ufizi, kuna la rangi ya mchanga, kuna jeusi lenye madoa. Chini, karibu na udongo, yote yana giza kwa unyevu, na upande mmoja yameshikwa na kuvumwani, ule ukijani wa mawe. Tena hayakupangwa moja hivi moja vile kama ubao wa dama. Yanakaa kwa makundi, kama watu kwenye sherehe, watatu wanaojuana hapa, mmoja mpweke pale.

Vigga aliweka shavu lake ukutani. "Baridi," akasema. "Na huyu ana chunusi."

Jiwe lenye chunusi. Nimewaza hilo njia nzima.

Jumanne, 19 Novemba

Nimefanya jambo. Holger alipolala nilichomoa baadhi ya vitofali vyake na kuweka vya rangi ya mchanga, vya kijivu cheusi chini kabisa, na vichache vya kijani kibichi kilichofifia. Sikuondoa michirizi, niliizungushia wenzake. Kipande kipya kilichokuwa kinapiga kelele peke yake nikakipa majirani wawili weusi na mmoja wa mchanga, kikatulia. Vigga alikuwa ananipa, mimi naweka. Yeye ndiye aliyesema jiwe linahitaji chunusi, kwa hiyo tukaweka vibonye vidogo vya duara mahali pa kitofali bapa. Vingine nikavitokeza nje nusu, vingine nikavirudisha ndani, na hapa na pale nikaweka vile vyenye mistari ya kuchongwa kama tofali halisi.

Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku nyingi. Naandika hili kwa sababu sikutegemea. Nilianza ili asiaibike, nikajikuta nimesahau kwa nini nilianza.

Jumatano, 20 Novemba

Amegundua, lakini kwa vidole. Alipitisha mkono ukutani asubuhi, akasimama.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi na Vigga. Tulikuwa tunajaribu tu. Nitarudisha."

Akapitisha tena mkono, polepole, kama anayempapasa farasi. "Unakwaruza," akasema. "Ukuta unatakiwa kukwaruza. Endelea. Ila rangi usiharibu, kijivu cha zamani kitupu."

"Sawa," nikasema.

Niliitikia hivyohivyo. Sawa.

Ijumaa, 29 Novemba

Tove kaja kunywa kahawa. Ni mwanamke mrefu, sauti yake inatangulia kuingia ndani. Alipofika mezani sauti ikakatika. Akainama, akaondoka nyuma hatua kadhaa, akafunga jicho moja.

"Holger," akasema, "huu ukuta una umri."

"Una umri gani? Nimeuanza mwezi uliopita."

"Una miaka mia saba, we mzee. Nataka kuingia nikajifiche humo na adui asinione."

Holger akajivuta kitini, amefurahi, anajifanya hakufurahi. Lakini wakati anavaa viatu mlangoni Tove akanishika mkono. "Na vijivu? Amekubali?"

"Amekubali."

"Holger? Huyuhuyu?" Akanitazama muda mrefu. "Daraja langu lilinichukua majira yote ya joto. Nitakuja kumuuliza vizuri."

Sikupenda nilivyosema uongo haraka hivyo. Nilisema kama mtu anayetoa chenji.

Jumanne, 3 Desemba

Vigga amefungua vidirisha vyote vya kalenda ya Krismasi, ile ya kufungua kimoja kila siku, mpaka tarehe kumi na moja. Anasema ni upepo.

Ijumaa, 6 Desemba

Mvua, halafu theluji ya maji, halafu mvua. Holger amemwaga kahawa pembeni ya kikombe. Akasema kikombe kimehama.

Jumanne, 10 Desemba

Leo nitaandika mpaka mkono ukatae.

Jioni nilikuwa namwogesha Vigga. Alikuwa anacheza na kikopo, anakisukuma majini kama gari, anasema, "Nyekundu, Babu. Subiri. Bado. Kijani, Babu. Twende."

Nikamuuliza, "Mchezo gani huo?"

"Mchezo wa taa."

"Unachezwaje?"

"Tukifika kwenye taa mimi namwambia Babu rangi. Babu anasema macho yangu bado mapya." Akamimina maji kichwani mwake mwenyewe. "Leo sikusema kwa sababu glavu ilikuwa imekwama. Babu akaenda. Bibi wa baiskeli akapiga kelele. Babu akasimama kwenye majani."

Niliendelea kumsugua mgongo. Sijui niliendelea muda gani, maji yalikuwa yamepoa aliponiambia anatetemeka.

Nilimvalisha, nikamwekea katuni, nikashuka. Holger alikuwa mezani, taa ya mezani imemkaribia usoni, anachambua vitofali.

"Leo asubuhi mlisimama kwenye majani?" nikamuuliza.

"Jua lilinipiga machoni."

"Jua? Desemba hii? Holger, saa mbili asubuhi bado kuna giza."

"Basi taa za gari la mbele. Hakuna aliyeumia. Nimeendesha miaka arobaini, binti, nimebeba maziwa kwenye barafu ambayo wewe hungetembea."

Ningeweza kupiga kelele. Nilitaka. Badala yake nikachukua vitofali viwili kwenye boksi, kimoja cha zamani kimoja kipya, nikaviweka kiganjani mwake. "Kipi cha zamani?"

"Unanipa mtihani?"

"Ndiyo."

Akavisogeza kwenye taa. Akavigeuza. Akasimama akaenda dirishani, ambako hakukuwa na mwanga wowote, akarudi kwenye taa. Uso wake ulikuwa unabadilika kidogo kidogo, nikatamani kuvichukua tena.

"Vyote," akasema.

"Si vyote. Na ukuta wako tangu mwanzo ni vijivu viwili. Ulikuwa na michirizi. Mimi nikaujaza rangi nyingine ili isionekane. Kuna mchanga, kuna nyeusi, kuna kijani. Sikukuambia."

Aliweka vile viwili mezani, kimoja kando ya kingine, akavipanga sawasawa kabisa, vidole vyake havikosei.

"Tove anajua?"

"Anadhani umekubali."

"Kwa hiyo kijiji kizima kinanisifu kwa kitu ambacho hata sijakiona."

"Holger, mimi nazungumzia Vigga ndani ya gari."

"Nimesikia unachozungumzia."

Aliubeba ukuta juu ya ubao wake akashuka nao chini kwenye stoo. Alikuwa anapapasa ngazi kwa mguu kabla ya kukanyaga, na nikajiuliza ni tangu lini anashuka hivyo, nami naishi naye nyumba moja.

Jumatano, 11 Desemba

Gari limebaki bandani. Hakusema hataendesha, ila nilipoamka funguo zilikuwa zimetundikwa kwenye msumari wa aproni yangu. Bekari wamenikubalia nichelewe hadi Krismasi, baada ya hapo watafikiria. Nimempeleka Vigga kwa baiskeli kwenye upepo. Ameimba njia nzima. Mimi sikuwa na pumzi.

Ijumaa, 13 Desemba

Rune kanipigia. "Umemwambia nini baba? Ananijibu ndiyo na hapana tu."

Nikamwambia yote.

"Ungeningoja mimi nirudi."

"Na asubuhi za kati ningempa nani ampeleke?"

Nilikuwa nasikia bahari nyuma yake. "Ni dereva, Maiken," akasema mwishowe. "Ndivyo alivyo."

"Najua. Na aliyekuwa nyuma yake garini ni Vigga."

Jumatano, 18 Desemba

Holger anakula baada yetu. Vigga amemwachia chini ya mlango picha ya gari lenye macho.

Jumanne, 24 Desemba

Bata ameiva vizuri. Rune yuko nyumbani. Baada ya chakula tukawasha mishumaa ya mti wa Krismasi, na kwa desturi mti lazima uzungukwe huku watu wanaimba, wameshikana mikono. Tuko wanne tu. Vigga alishika mkono wa baba yake na wangu. Rune akanyoosha mwingine, Holger akaushika. Ikabaki nafasi kati yangu na Holger, na mti wenyewe mwaka huu ni mnene, duara halifungi bila kila mtu.

Akautazama mkono wangu. Sijui anauona vipi. Akanyoosha wake kidogo kushoto ya ulipo, nikausogeza wangu ukutane nao. Tukazunguka. Kiganja chake ni kigumu kama ubao, na alinishika kama mtu anayeshuka ngazi.

Nilikuwa namwogopa mtu huyu. Mwaka mzima nilikuwa nahesabu maneno kabla ya kumsemesha. Leo nimeona kwamba hata yeye alikuwa anaogopa, tena kwa muda mrefu kuliko mimi, bila mtu wa kumwambia.

Alhamisi, 2 Januari

Nilikuwa naosha vyombo, Holger akasimama nyuma yangu.

"Nina miadi kwa daktari wa macho Jumatano. Kuna basi la asubuhi." Akakohoa. "Kama hufanyi kazi."

"Sifanyi."

Nafanya. Nitabadilishana na mwenzangu.

Jumatano, 8 Januari

Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari ni msichana mdogo, anasema kioo cha jicho kimezeeka kikawa cha manjano, ni kama kutazama dunia kupitia glasi ya bia. Bluu haipiti. Ndiyo maana kijivu kipya kwake kilikuwa cha zamani. Watalitoa jicho moja kwanza, yaani kioo chake, Holger alipenda sana kulisahihisha hilo. Kuendesha hapana mpaka wampime tena.

Ndani ya basi akasema, "Nilidhani ni uzee."

"Ni uzee."

"Nilidhani ni uzee usiokuwa na dawa." Baada ya vituo kadhaa akasema, "Nilidhani wakinipima watanichukulia leseni, halafu Rune atawahamishia ninyi mjini."

Nikatazama nje. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa, kwamba alikuwa anatushikilia sisi kwa usukani ule.

Jumamosi, 18 Januari

Tove kapita. Holger mwenyewe alimwambia mlangoni, amesimama wima kama anatoa ushahidi. "Ule ukuta si wangu. Nilichanganya bila kuona, na Maiken akafunika. Ukitaka mtu mwingine ajenge wa mbele, sema."

Tove akamjibu, "Mwaka ule na daraja langu, ulikuwa unaona?"

"Daraja lako nililiona vizuri sana."

"Basi bado nakuchukia kwa hilo," akasema Tove, akaingia kunywa kahawa. Alipokuwa anaondoka akamwuliza kama ukuta utakuwepo ukumbini. Holger akajibu kwamba hataki kupeleka kitu asichokijua. Atautazama kwa jicho jipya. Ukiwa ni uji wa rangi ataubomoa, mbele patabaki wazi, na watu watazame miguu ya meza.

Ijumaa, 24 Januari

Theluji ya kweli hatimaye. Vigga kaila.

Alhamisi, 30 Januari

Holger amefanyiwa upasuaji leo. Ilichukua muda mfupi kuliko kunyoa, anavyosema. Jicho lina kifuniko, na Vigga amedai afunikwe naye.

Ijumaa, 31 Januari

Kifuniko kimetoka. Alikaa jikoni akitazama kila kitu kama mgeni aliyeletwa kukagua nyumba.

"Mbona kila kitu kina bluu?"

"Ndivyo kilivyo."

"Hili pazia ni chafu."

"Najua."

"Limekuwa chafu tangu lini?"

"Tangu nihamie, Holger. Nilidhani unalipenda hivyo."

Akafumba jicho jipya akatazama kwa la zamani, akafumba la zamani akatazama kwa jipya, mara nyingi, mpaka Vigga akamwuliza kama amevunjika. Halafu akamtazama Vigga. Alimtazama muda mrefu. "Una madoadoa puani," akamwambia.

"Ndiyo, Babu. Ni yangu."

Stoo hajashuka.

Jumatano, 5 Februari

Bado hajashuka. Onyesho ni Jumamosi ya wiki ijayo. Namsikia akipita mlango wa stoo na hatua zake zinapungua, halafu zinaendelea. Jana nilimwambia aubomoe tu kama unamkera, mimi sitaumia. Akaniuliza kwa nini nasema uongo tena. Ni kweli, ningeumia. Nimekuwa naota ukuta ule. Naona mahali nilipoweka vitatu vya mchanga ambapo viwili vingetosha.

Jumamosi, 8 Februari

Ameamka mapema, amekunywa kahawa amesimama, ameshuka. Amesema asifuatwe na mtu. Vigga amemfuata, bila shaka.

Mimi niko jikoni na mlango wa stoo uko wazi. Mwanzoni kulikuwa kimya kabisa. Halafu nikasikia tak. Ile sauti ya kitofali kinapochomoka, Rune, unaijua. Tak, halafu kimya, halafu tak nyingine.

Vigga kapanda mbio. "Mama, Babu anachomoa."

"Vingi?"

"Anachomoa na kuviweka mstari." Akarudi mbio.

Basi anaubomoa. Nimekaa. Nimejiambia nisishuke. Jirani wa pili anampeleka Vigga sasa pamoja na wake, bekari wamenirudishia zamu yangu, mzee anaona, hakuna aliyegongwa. Hayo ndiyo niliyoyataka Desemba na nimeyapata yote. Ukuta ni wake, meza ni yake, na mimi nilimwekea rangi bila ruhusa. Akiubomoa ana haki, nami nitaenda Jumamosi ijayo nikakate keki ukumbini kama wengine, na tukirudi nitamwomba anifundishe kuanzia mwanzo, kwa rangi moja, maana kweli napenda kazi hii na sitaki kuiacha hata kama

Ameita. "Maiken."

Sikuitika, nimeendelea kuandika, naogopa. Ameita tena, sauti ya lori la maziwa sasa. Anasema kuvumwani nimeipanda upande wa jua. Anasema amepita ukuta wa kanisa lile kila asubuhi miaka arobaini na haijawahi kuota kusini, na kwamba ameshatoa vyote vya kijani na kuvipanga, vinatakiwa vihamie kule kaskazini nyuma ya mnara, chini zaidi, na viwe vingi zaidi, nishuke na kikopo cha vile vya kijani vilivyobaki. Anasema Vigga tayari ana maoni yake kuhusu chunusi na peke yake hamwezi, nije sasa hivi, na nilete kahawa, na kile kijivu kipya, kile cha baridi. Nashuka.